Kadi ya Kijani ya Mzee Mbugua

Ukiingia kwenye kile kituo cha afya kilicho nyuma ya soko la Kitengela, mtu wa kwanza kukutana naye si daktari. Ni sista Maryanne Nalianya, ameketi nyuma ya meza ndogo ya mbao, na mbele yake kuna mashine ya presha, kipimajoto, na kopo la maziwa ya unga ambalo halina maziwa. Ndani ya kopo kuna kadi za rangi tatu. Nyekundu maana yake ingia sasa hivi. Manjano maana yake ngoja, lakini usiende mbali. Kijani maana yake unaumwa, ndiyo, lakini wengine watatangulia hata kama wewe ndiye uliyewahi.

Watu wa Kitengela hawajawahi kuipenda kadi ya kijani. Wanaiona kama tusi. Mama mmoja mwenye duka la nguo aliirudisha akisema haifanani na gauni lake. Jamaa mmoja anayeuza mawe ya ujenzi aliuliza polepole kama kuna kitu kidogo anaweza kufanya ili abadilishiwe apewe ya manjano. Na kuna wale waliokwisha kujifunza: nje kwenye lango wanapiga soga na kucheka, wakivuka mlango tu wanaanza kuburuta mguu. Cate, msichana wa dirisha la kuandikisha, anawaita waigizaji.

"Huyu leo ameburuta wa kushoto," humnong'oneza Maryanne. "Wiki jana ilikuwa wa kulia."

Maryanne hacheki mbele yao. Ni mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe ambazo huzisugua kila jioni kwa mswaki wa zamani, na ana mazoea mengi ambayo hata yeye hajui kama anayo. Akipanda ngazi nyuma yako anasikiliza unavyohema. Kanisani, badala ya kufunga macho wakati wa maombi, anaangalia nani miguu yake imevimba. Akikusalimia kwa mkono, vidole vyake viwili vinateleza vyenyewe mpaka kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wako, na hapo vinatulia. Kahiga, mchumba wake, husema kwamba siku ya kwanza aliposhikwa mkono vile alidhani amependwa. Kumbe alikuwa anahesabiwa mapigo ya moyo.

Kahiga mwenyewe hakuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa baba yake.

Mzee Mbugua alikuja Kitengela zamani, wakati sehemu kubwa ilikuwa nyasi na swala, akanunua ardhi, akaikata ploti, akauza nusu na kujenga nyumba za kupangisha kwenye nusu nyingine. Ni mzee wa kanisa, mrefu, wa kofia ya manyoya, na amezoea kwamba akifika mahali mtu husimama ampe kiti. Juu ya Maryanne alikuwa hajasema ndiyo wala la. Alisema tu kwamba manesi wamezoea kuamuru watu. Mkewe, Mama Mugure, alimwambia basi Jumamosi twende tuwaone watu wake, na hapo utasema neno lako. Mzee akakubali. Neno lake lingetoka Jumamosi, na Kahiga tangu siku hiyo alikuwa hali chakula vizuri.

Sasa ikawa Alhamisi, siku mbili kabla. Ni mwezi wa saba, na mtu asiyejua baridi ya Kitengela ya mwezi wa saba afikirie upepo unaotoka Athi bila kupiga hodi. Benchi zote zilijaa watu waliojifunga majaketi na mablanketi. Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Mbugua. Aliingia kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayebeba sufuria ya uji iliyojaa.

Kijana mmoja akamjua, akasimama ampe nafasi.

"Keti, mzee."

"Mimi sikai."

"Mzee, keti tu, mimi nitasimama."

"Nimesema sikai. Nyinyi vijana hamsikii?"

Maryanne akamsalimia kwa adabu zote, akamkaribisha nyuma ya pazia, mahali anapowauliza watu yale ambayo benchi haifai kuyasikia. Mzee akaangalia pazia, akaangalia dari, akakohoa.

"Baba, unasikia wapi?"

"Nyuma."

"Mgongo?"

"Chini ya hapo."

"Mguu?"

"Juu ya hapo."

Upande wa pili wa pazia mtoto alikuwa analia, na wote wawili wakamsikiliza yule mtoto kana kwamba anahubiri.

"Ni jipu, baba?"

"Sikutaka kukuambia wewe," Mzee akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Wewe unajua wewe ni nani. Na sisi hatukai hivyo, baba mkwe na... Sasa hata kama bado sijasema chochote."

"Naelewa. Mimi sitakuangalia. Ataangalia daktari Hillary na msaidizi wake Nelson, ni wanaume. Mimi nataka tu kukupima joto na presha na sukari, niulize maswali mawili, basi."

Hakuwa na homa. Presha ilikuwa nzuri kuliko ya wengi wa umri wake, sukari pia. Jipu lilikuwa limeiva na lilikuwa linauma kama moto, na hilo Maryanne hakulitilia shaka, lakini jipu linaweza kungoja.

"Na kitu ingine," Mzee akasema. "Hii mambo isitoke hapa. Hata Mama Kahiga hajui. Nimemwambia naenda kuona fundi wa maji."

"Haitatoka."

"Hata Kahiga."

"Hata Kahiga, baba."

Kisha akafungua kopo na kumpa kadi ya kijani.

Mzee Mbugua aliigeuza mbele na nyuma, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kungoja kidogo. Kuna wagonjwa wawili wa manjano mbele yako."

"Mimi? Kijani?"

Alitoka nyuma ya pazia akasimama ukutani, chini ya picha ya kunawa mikono, na kutoka hapo akaanza kulalamika. Hakupiga kelele. Alilalamika kwa sauti ya mzee wa kanisa anayetangaza matoleo, ile inayofika mpaka nje bila kupandishwa. Alisema alikuwa hapa kabla ya hii barabara kuwekwa lami. Alisema hata maji ya hapa yanapita kwenye ploti yake. Alisema, bila kumwangalia mtu yeyote, kwamba kuna familia zinafundisha watoto heshima na kuna zingine zinafundisha rangi. Kila neno lilitua mgongoni mwa Maryanne kama kokoto.

Cate akainama dirishani. "Sista, si umpitishe tu? Jumamosi si ni kesho kutwa? Unataka kuolewa ama unataka kuwa sahihi?"

Maryanne akajifanya hakusikia. Lakini hebu tuseme ukweli, aliyasikia. Akaanza kufanya kazi haraka haraka ili benchi iishe na Mzee aingie, na kufanya haraka ndiko kulikomponza.

Aliyefuata alikuwa mzee wa Kimaasai aliyekaa pembeni kabisa, fimbo katikati ya magoti. Jina lake Katoo. Anauza ng'ombe soko la Kajiado, na alikuwa amekuja Kitengela kumwona binti yake. Alipomwona nesi anakuja akanyoosha mkono, akamsalimia kwa Kimaasai kama mzee anavyomsalimia mtoto wake.

"Nakerai, takwenya."

"Iko," Maryanne akajibu upesi, tayari ameshika kalamu. "Uko na shida gani leo, mzee?"

"Sidai. Sidai kabisa."

"Hakuna mahali inauma?"

"Sidai."

Sidai, yaani njema. Huyo mzima, Maryanne akajiambia, labda amekuja kwa dawa ya minyoo. Akampa kadi ya kijani bila hata kumvalisha ile mashine ya presha. Akageuka, na moyoni akawa ameshakata shauri: atampitisha Baba Kahiga sasa hivi, ni dakika chache tu, nani atakufa? Akamwendea.

"Baba, njoo uingie."

"Afadhali," Mzee Mbugua akasema, akijikokota kutoka ukutani. "Baridi kama hii, mtu mzima unamsimamisha kama mti. Angalia watu wote wanatetemeka. Hata mablanketi hayatoshi."

Maryanne akaangalia. Kweli, watu wote walikuwa wanatetemeka. Isipokuwa mmoja. Mzee Katoo alikuwa ameteremsha shuka yake mpaka kiunoni, na kwa ncha yake alikuwa anapangusa jasho kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu aliyetoka kuchota maji mchana wa jua kali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

"Baba, nisamehe," Maryanne akasema. "Rudi ukutani."

"Nini?"

"Rudi ukutani kidogo."

Akamwacha Mzee Mbugua na mdomo wazi, akaenda akapiga magoti mbele ya Katoo. Na hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho alikijua siku zote, ila alikikanyaga kwa haraka zake. Kwa wazee kama Katoo, salamu si mlango wa kusukuma kwa teke. Ukiulizwa hali, kwanza unasema ni njema, hata kama nyumba inaungua. Halafu mnaulizana, polepole, moja baada ya nyingine, na zile habari zenyewe zinakuja mwisho. Aliyekata salamu katikati hakupata habari. Mzee wa watu hakudanganya. Alikuwa bado hajafika.

Maryanne akamshika mkono, akaanza salamu upya, na vile vidole viwili vikateleza mahali pake.

"Supai, mzee."

"Ipa."

"Huko Kajiado mvua ilifika?"

"Ilifika kidogo. Sidai."

Mshipa ulikuwa unakimbia, ukijikwaa, ukikimbia tena. Kwa mkono wa pili, bila kugeuza kichwa, akamwonyesha Cate: kiti cha magurudumu, mwite Hillary, sasa.

"Na nyasi?"

"Nyasi iko."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe sidai. Moja tu imevunjika mguu."

"Pole. Na watoto?"

"Watoto wote wazima."

Ukutani Mzee Mbugua akashindwa kuvumilia. "Mimi nimesimama hapa na nyinyi mnaongea juu ya ng'ombe?"

"Na wewe mwenyewe, mzee?" Maryanne akauliza.

Katoo akavuta pumzi, na ikakatika nusu. Sasa walikuwa wamefika.

"Mimi, nakerai, tangu asubuhi kuna kitu imekalia kifua yangu. Nzito, kama ng'ombe imelala hapa. Na hii mkono ya kushoto imekataa kazi. Labda ni kamba nilivuta jana."

"Si kamba, mzee."

Akamnyang'anya ile kadi ya kijani, akampa nyekundu. Katoo akaiinua, akaiweka kando ya shuka yake nyekundu, akatabasamu kwa shida.

"Hii sasa ni mzuri," akasema. "Inafanana."

Tangu kopo lile liwekwe pale, huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuridhika na kadi yake.

Halafu mambo yakaenda mbio. Hillary alitoka na glavu mkono mmoja, wakamlaza, wakamwekea oksijeni, wakamfungia nyaya za mashine ya moyo, na ile karatasi ilipoanza kutoka Hillary aliinua nyusi. Wakamtafunisha aspirini. Ambulensi ikaitwa. Maryanne alikaa naye mpaka ilipofika, na njia nzima mpaka kwenye lango Katoo alikuwa anamweleza habari za ng'ombe aliyevunjika mguu, kwa sababu hiyo habari ilikuwa haijaisha.

Aliporudi akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alijua vizuri kilichotokea. Kadi ya kijani ilitoka mkononi mwake, na ilitoka kwa sababu alikuwa anamwogopa mkwe. Akamfuata Hillary akamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Hillary akasema wataliongea kwenye mkutano wa wafanyakazi, na kuanzia kesho hakuna kadi kabla ya presha, hata mtu akisema sidai mara mia.

Mzee Mbugua alikatwa jipu lake jioni, wa mwisho kabisa. Alitoka na hatua ndogo zaidi kuliko zile za kuingia. Mlangoni akavaa kofia yake.

"Jumamosi tutaonana," akasema, kama vile hakimu husema.

Maryanne akamwambia Kahiga kwenye simu kwamba ajitayarishe kwa lolote. Kahiga akauliza kwa nini. Maryanne akasema hawezi kusema. Kahiga akauliza tena. Maryanne akamuuliza kama amekula.

Jumamosi ikafika, na watu wote wakaenda Embulbul, kwa Mwalimu Wasike, baba mdogo wake Maryanne, aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yake kufariki. Mwalimu alikuwa ameosha vitambaa vyote vya makochi. Kuku wawili walikuwa wamekwisha kuwa mchuzi. Kochi kubwa, lile linalozama, alikuwa amemwekea Mzee Mbugua.

"Karibu, mzee, keti."

"Asante. Niko sawa hivi."

"Keti tu, hapa ni nyumbani."

"Niko sawa."

Mama Mugure akamvuta koti. "Baba Kahiga, keti."

"Nimesema niko sawa."

Mwalimu Wasike, ambaye amefundisha hesabu maisha yake yote na hapendi kitu kisichojumlika, akamtazama huyu mgeni anayemwangalia kutoka juu kama mnara. Kwao, mtu akikataa kiti chako, ameleta msiba ama ameleta ugomvi, na msiba hakuona. Naye akasimama. Ni mrefu vilevile, kwa hiyo pua zikawa sawasawa.

"Basi kama mgeni hakai, mimi nitakaaje?"

Wazee wawili wakisimama, nani ataketi? Mama Mugure akasimama. Kahiga akasimama. Mke wa Mwalimu akasimama na trei. Maombi yakaombwa watu wamesimama, majina ya koo yakatajwa watu wamesimama, kuku akaliwa watu wamesimama, sahani mkono mmoja na ugali kwenye sahani, kila mtu akitafuta mkono wa tatu. Mbwa wa jirani aliyechungulia mlangoni akaondoka mwenyewe.

Mwalimu akamvuta Maryanne kando. "Wewe ulisema unamfahamu. Huyu mtu ana nini na makochi yangu?"

"Baba mdogo, mimi sijui kusema."

"Hujui ama hutaki?"

"Kula kuku, baba. Imepoa."

Akakimbilia jikoni. Mama Mugure akamfuata, akafunga mlango nusu. Ni mama mpole, lakini upole wake una makali ndani.

"Maryanne, mwanangu. Alhamisi kuna mtu alimwona Baba Kahiga kwenu hospitali. Yeye aliniambia alienda kwa fundi wa maji. Sasa ameanza kulala kifudifudi. Niambie, ako na nini? Ni ugonjwa mbaya?"

Maryanne akaangalia sufuria. Hapa ndipo penyewe. Neno moja tu, na mama huyu atakuwa upande wake milele. Na Mwalimu atacheka, watu wataketi, na mambo yote yataisha.

"Mama, hiyo umuulize yeye mwenyewe."

"Nakuuliza wewe. Wewe si utakuwa mtoto wangu?"

"Nitakuwa, mama. Lakini kama ni wewe ungekuja pale kwangu na jambo lako, na yeye aje aniulize jikoni, ungependa nimwambie?"

Mama Mugure akafikiria kitu fulani, na chochote kilichokuwa, kilimfanya ashike kijiko na kuanza kukoroga mchuzi uliokwisha kuiva.

Nyuma ya ule mlango nusu, kofia ya manyoya ilikuwa imesimama. Mtu asiyeweza kuketi hutembeatembea, na Mzee Mbugua alikuwa ametembea mpaka hapo, sahani mkononi, akasikia yote. Akarudi sebuleni kwa zile hatua ndogo na kukohoa kile kikohozi cha kanisani.

"Nataka kusema neno langu."

Kahiga akaweka chini paja la kuku.

"Alhamisi nilienda kwa huyu msichana na shida. Shida yangu, nilijua ndiyo kubwa pale ndani. Akanipa kadi ya kijani. Baadaye akaniambia niingie, nikaanza kwenda, halafu akanirudisha ukutani mbele ya watu kama mtoto wa nasari, akaenda kuongea na mtu juu ya ng'ombe. Nilikasirika. Nikaja hapa leo nikiwa na neno lingine kabisa mfukoni." Akahamisha sahani mkono wa pili. "Jana niliuliza yule mzee alifika wapi. Ako hospitali kubwa, anakula, anagombana na manesi. Sasa mnaniuliza kwa nini sikai. Huyu msichana anajua. Mmemuuliza hapa nyinyi wote, hata mama yake Kahiga amemuuliza, na amekataa. Basi nitawaambia mimi. Niko na jipu. Liko mahali ambapo mtu hukalia. Kochi yako ni mzuri sana, Mwalimu, hata naitamani."

Hakuna aliyecheka mwanzoni, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake aone kama inaruhusiwa. Halafu Mwalimu Wasike akaketi, puu, kwenye lile kochi linalozama, akafunika uso kwa kitambaa cha kochi, mabega yakitetemeka. Mama Mugure alicheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi wa maji," alisema. "Fundi wa maji, Baba Kahiga."

"Na neno lako ni gani sasa?" Mwalimu akauliza, akijipangusa macho.

"Neno ni ndiyo. Mtapanga siku nyinyi mnaoweza kuketi."

Wakati wa kuondoka, Mzee Mbugua alimnyooshea Maryanne mkono. Vidole viwili vikateleza kama kawaida. Mapigo yalikuwa mazuri.

"Jumatatu nakuja kubadilishwa bandeji," Mzee akasema. "Nitakuja mapema, niwe wa kwanza."

"Njoo, baba. Lakini kama wa kwanza, hiyo itategemea nani mwingine amekuja, na amekuja na nini."

Mzee akatikisa kichwa, akavaa kofia yake.

"Kijani tena," akamwambia Kahiga wakienda kwenye gari, ambalo kiti cha nyuma chote kilikuwa kimetandikwa mito, ili alale kifudifudi mpaka Kitengela.